Mwalimu wangu wa Taekwon-Do alinilea, sasa shule inadai cheti asichoweza kunipa

Kwako Mshauri,

Mimi ni msichana wa miaka 24, mkazi wa Kaptembwo hapa Nakuru, na ninafanya kazi katika duka la kuuza mbegu na dawa za mifugo. Nilianza kujifunza Taekwon-Do, mchezo wa kujihami wa Kikorea, nikiwa darasa la saba, katika ukumbi wa kanisa ulio karibu na nyumbani kwetu, wakati ambapo Mama alikuwa akifulia watu nguo na hakuwa na chochote cha kumlipa mwalimu. Mwalimu hakuniuliza pesa. Alinitafutia sare kuukuu ya mwanafunzi aliyekuwa amehama, akanionyesha namna ya kufunga mkanda mweupe ili ncha zake mbili zilingane, na tangu hapo hajawahi kunidai ada ya mwezi. Nilipotaka kuacha shule nikiwa kidato cha pili, ni yeye aliyekuja kuketi na Mama hadi giza likaingia, wakakubaliana jinsi nitakavyoendelea. Mimi sina baba, na sitaficha kwamba nafasi hiyo moyoni mwangu ameijaza yeye.

Sasa nina mkanda mwekundu wenye ncha nyeusi, yaani nimebakiza mtihani mmoja kufikia mkanda mweusi. Jioni za Jumanne na Alhamisi mimi ndiye ninayewafundisha watoto wadogo. Mwishoni mwa mwezi ujao tutakuwa na mtihani wa kupanda daraja ambao Mwalimu ameuandaa kwa muda mrefu, kwa kuwa mtahini wa ngazi ya juu atatoka nje ya kaunti, na wiki itakayofuata tutasafiri hadi Kisumu kwa mashindano ya kirafiki na shule za huko, ambako watoto ninaowafundisha wataonyesha kuvunja mbao kwa mara ya kwanza mbele ya watu wasiowajua. Ada ya mtihani wa mkanda mweusi, pamoja na ya cheti kutoka makao makuu ya chama chetu ng'ambo, inazidi mshahara wangu wa mwezi. Nimekuwa nikichanga katika chama cha akina dada tunaofanya kazi karibu na soko, na zamu yangu ya kupokea imekaribia.

Shida ilianza pale shule moja ya kibinafsi hapa mjini ilipotangaza kwamba inatafuta mwalimu wa Taekwon-Do wa kufundisha watoto kila alasiri kuanzia muhula ujao, kwa malipo yanayokaribia mara mbili ya ninayopata dukani. Mkuu wa shule alikuja kuniona nikifundisha, akapendezwa, lakini akasema wazazi wanataka mwalimu mwenye mkanda mweusi na cheti "cha Olimpiki". Sisi ni watu wa mfumo wa ITF (Shirikisho la Kimataifa la Taekwon-Do), ambao hauchezwi Olimpiki. Mwalimu mwingine wa upande wa pili wa mji, anayefundisha mfumo unaochezwa huko, ameniambia kwamba nikijiunga naye ataniandaa kwa majuma machache tu, nipate mkanda mweusi, tena kwa ada ndogo kuliko ya kwetu. Sharti lake ni kwamba niwe nimehama kabla ya mwezi huu kwisha.

Kuna jambo jingine ambalo sijamwambia mtu. Kaka mmoja aliyenitangulia mazoezini alifaulu mtihani wa mkanda mweusi zamani kidogo, akalipa ada yote, na hadi leo hajakiona cheti chake. Akiuliza, huambiwa kiko njiani. Sijathubutu kumuuliza Mwalimu habari hiyo, maana kila tunapoanza mazoezi tunatamka kiapo kwamba tutamheshimu mwalimu na waliotutangulia.

Mama anasema heshima haijazi sufuria, nichukue kazi. Mwalimu amezipata habari hizi kwa watu. Hajaniuliza neno, lakini siku hizi nikifika nakuta amekwisha kufagia ukumbi peke yake, kazi ambayo tulikuwa tukiifanya pamoja, na anazungumza nami kuhusu watoto tu. Nikihama, watu watasema fadhila za punda ni mateke, na sitakuwa na la kujibu. Nikibaki, huenda nikamwaga akiba yangu yote kwa cheti kisichofika, na kazi ikaenda kwa mwingine. Nifanye nini?

Binti wa Kaptembwo, Nakuru

MSHAURI ANAJIBU

Mwanangu,

Umeniuliza kama uhame au ubaki, lakini barua yako ina mambo matatu ambayo yamekufikia katika msimu mmoja na kwa hivyo yanaonekana kama jambo moja. Kuna shukrani yako kwa mtu aliyekushika mkono ulipokuwa huna kitu. Kuna wasiwasi wako kuhusu cheti, ambao ni wasiwasi wa haki kabisa. Na kuna riziki, ambayo Mama yako anaifahamu kuliko sisi sote, kwa hivyo neno lake kuhusu sufuria usilipuuze. Ukiyashughulikia yote kwa uamuzi mmoja wa haraka, lazima jambo moja litaumia bila sababu.

Niruhusu nianze na cheti, kwa sababu hapo naona umeyapokea maneno ya watu wengine kama yalivyo. Mkuu wa shule anaposema "cheti cha Olimpiki", sina hakika kwamba anajua anachokiomba. Kamati ya Olimpiki haiwapi walimu mikanda wala vyeti. Jina Taekwon-Do lilikubaliwa mwaka wa 1955 huko Korea Kusini, na Jenerali Choi Hong Hi, aliyelipendekeza, akaunda shirikisho la ITF mwaka wa 1966. Baadaye, mwaka wa 1973, shirikisho jingine likaundwa Seoul, ambalo leo linaitwa World Taekwondo, na ni hilo lililoufikisha mchezo kwenye Olimpiki, kwanza kama maonyesho mwaka wa 1988 na kisha kwa medali kamili kuanzia Sydney mwaka wa 2000. Vyeti vya dani, yaani ngazi za mkanda mweusi, vya upande huo hutolewa na Kukkiwon, taasisi iliyoko Seoul, ambayo hutunza kumbukumbu za watu iliowapa. Kwa hiyo mkuu wa shule anaweza kuwa anataka kitu kimoja kati ya viwili: mwalimu atakayewaandaa watoto kwa mashindano ya mfumo huo, au mwalimu ambaye cheti chake kinaweza kuthibitishwa na wazazi wasidanganywe. Hayo ni mahitaji tofauti sana, na la pili unaweza kulitimiza ukiwa hapo ulipo, iwapo cheti cha kwenu kitafika. Je, umewahi kumuuliza ni lipi hasa?

Hata upande wenu wenyewe, usitosheke na herufi tatu. Baada ya Jenerali Choi kufariki mwaka wa 2002, ITF iligawanyika, na leo kuna zaidi ya chombo kimoja kinachotumia jina hilo hilo. Mtu akikuambia "utapata cheti cha ITF", una haki ya kuuliza ni ITF ipi, nani anatia sahihi, cheti kina nambari gani ya kumbukumbu, na ni kwa njia gani mtu aliye Nakuru anaweza kuithibitisha nambari hiyo. Maswali hayo hayo muulize na yule mwalimu wa upande wa pili wa mji. Je, mkanda anaokuahidi utaandikishwa Kukkiwon kwa jina lako, au ni mkanda atakaokufunga yeye mwenyewe mbele ya wanafunzi wake? Ada yake ni ndogo, ndiyo, lakini hujaniambia kama ndani yake mna cheti.

Sisemi haya ili nikuzuie kwenda kwake. Njia hiyo ni ya kweli na imewafikisha wasichana wa huku kwetu mbali: Faith Ogallo, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kibabii kule Bungoma, aliiwakilisha Kenya katika Olimpiki ya Tokyo iliyofanyika mwaka wa 2021, katika uzani wa zaidi ya kilo 67. Kinachonitia shaka ni yale majuma machache. Wewe unajua kuliko mimi kwamba mwili hujifunza polepole. Kwa mtihani huu umekuwa ukifanya Choong-Moo, mpangilio wa miondoko 30 ya kufanywa peke yako, wenye lile teke la kuruka la ubavu ambalo mtu hutua nalo mikono ikiwa tayari imejikinga, na kabla yake umepitia mipangilio mingine minane ya mikanda ya rangi. Upande wa pili hawafanyi hata mmoja kati ya hiyo. Wao wana mipangilio minane ya Taegeuk, kisha ule wa Koryo kwa wenye mkanda mweusi. Katika pambano, wewe umezoea kugusa kwa kiasi, na ngumi ya usoni kwenu inaruhusiwa. Wao hupigana kwa nguvu wakiwa wamevaa kinga ya kifua, na ngumi ya kichwani ni kosa. Miguu yako na nidhamu yako utakwenda nazo, na pengine utawashinda wengi waliokutangulia huko, lakini mikono yako itakutia hatiani mara kwa mara hadi isahau ilichofundishwa. Jiulize kama ungekuwa na amani kusimama mbele ya watoto wa watu ukiwafundisha mfumo ulioujua juzi. Huenda jibu ni ndiyo, kwa sharti kwamba utaendelea kujifunza huku ukifundisha, na wapo wanaofanya hivyo kwa uaminifu. Lakini mkuu wa shule naye awe anajua kwamba ndivyo ilivyo.

Kuna jambo ambalo barua yako haikuligusa, na kwangu lina uzito. Katika mfumo wenu, mwenye dani ya kwanza hadi ya tatu huitwa boosabum, yaani msaidizi wa mwalimu, na cheo cha sabum huanzia dani ya nne. Maana yake ni kwamba hata ukifaulu mtihani huu kwa alama za juu kabisa, bado utahitaji mtu mzima wa mchezo aliye nyuma yako. Umeandika kana kwamba kazi ile ya shule na Mwalimu wako ni vitu viwili vinavyovutana. Je, kuna aliyewahi kufikiria kwamba darasa la shule ile lingeweza kuwa tawi la shule yenu, wewe ukiwa mwalimu wa kila siku na yeye akiwa msimamizi anayekuja kuwatahini watoto kila muhula? Mkuu wa shule angepata mtu mwenye uzoefu wa kuwajibika juu yako, na wewe ungepata kazi bila kusubiri mpaka karatasi ivuke bahari. Hatari zake zipo. Mwalimu anaweza kutaka sehemu ya malipo, na kama hamkuandikiana mapema ni kiasi gani, pesa zitawatenganisha vibaya zaidi ya kuhama. Mkuu wa shule anaweza kushikilia neno lake la Olimpiki. Na Mwalimu mwenyewe anaweza kukataa, kwa sababu zake. Lakini hadi sasa hakuna aliyemuuliza.

Hapa ndipo tunafika kwenye jambo gumu. Unaona kumuuliza Mwalimu kuhusu cheti cha kaka yako ni kuvunja kiapo. Mwanangu, kabla ya sehemu ya kumheshimu mwalimu, kiapo hicho kinaanza kwa kuahidi kuzishika nguzo tano za Taekwon-Do, na nguzo ya pili, baada ya adabu, ni uadilifu. Swali linaloulizwa faraghani, kwa sauti ya chini, na mtu anayekaribia kulipa zaidi ya mshahara wake wa mwezi, haliwezi kuwa ukosefu wa heshima. Ninaona pia kwamba mpangilio unaoufanyia mtihani umepewa jina la Jemadari Yi Soon-Sin, na maelezo yake, ambayo bila shaka utaulizwa na mtahini, yanasema kwamba unamalizikia kwa shambulio la mkono wa kushoto kuonyesha kifo chake cha kusikitisha, kwa kuwa utii wake kwa mfalme ulimzuia kuonyesha uwezo wake wote. Sikuambii utii ni mbaya. Nakuomba tu usome maelezo hayo tena usiku mmoja, taratibu, ukijifikiria wewe na Mwalimu wako.

Unapokwenda kwake, usiende na tuhuma. Hujui kilichotokea kwa cheti kile. Huenda ada ilitumwa na makao makuu hayakujibu, huenda chama chenu kilikuwa hakijalipa ada yake ya uanachama, huenda pesa zililipa kodi ya ukumbi katika mwezi mbaya na aibu ikamfunga mdomo tangu hapo. Kila moja kati ya hayo ina uzito wake, na ni yeye tu anayeweza kukuambia ni lipi. Ningeanza hivi: "Mwalimu, kuna shule imeniita kufundisha, na nilitaka usikie kutoka kwangu kabla sijaamua lolote." Hapo utakuwa umeondoa kile kinachomfanya afagie ukumbi peke yake. Kisha, akikupokea, muulize kuhusu cheti chako kwanza, kwamba kitachukua muda gani, utapata risiti gani, na kama unaweza kulipa ada ya mtihani sasa na ya cheti utakapopata uthibitisho kwamba jina lako limepokelewa. Habari za kaka yako zitafuata zenyewe. Kama hazikufuata, zitaje.

Anaweza kukasirika. Anaweza pia kunyamaza, na kimya cha mtu unayempenda huuma kuliko ukali wake. Ikiwa hatakupa jibu lolote unaloweza kulishika, hilo nalo ni jambo ulilohitaji kulijua kabla ya zamu yako ya chama, na hapo wazo la kuhama halitakuwa usaliti. Utakuwa umemjia ana kwa ana, na watu wakitaja punda na mateke, wewe utajua ulivyofanya. Aliyokutendea ukiwa darasa la saba hayafutiki ukivaa sare nyingine. Wala hayamfanyi mmiliki wa miaka yako yote ijayo, na sidhani kama yeye mwenyewe, alipokuja kukaa na Mama yako kwa ajili ya masomo yako, alikuwa akinunua haki hiyo.

Mkuu wa shule naye, mwendee kwa maswali. Kazi iliyotajwa kwa mdomo bado haijawa kazi. Omba barua inayosema malipo, siku, idadi ya watoto katika kila kipindi, na ni nani atawajibika mtoto akivunjika mkono. Chukua cheti cha polisi cha mwenendo mwema na, ukiweza, mafunzo mafupi ya huduma ya kwanza. Shule inayowajali watoto itavithamini vitu hivyo, pengine kuliko rangi ya mkanda. Kumbuka pia kwamba kwa Sheria ya Michezo ya mwaka wa 2013 mashirika ya michezo yanapaswa kusajiliwa kwa Msajili wa Michezo, kwa hivyo kuwauliza walimu wote wawili hati za usajili wa vyama vyao si kuwachunguza kama wezi.

Limebaki suala la watoto, ambalo umelitaja kwa sentensi moja lakini nimehisi unalibeba sana. Yule mwalimu mwingine anataka uhame kabla ya mwezi kwisha, na safari ya Kisumu iko baada ya hapo. Unajua vizuri kwamba mtoto anapovunja ubao, nusu ya kazi ni ya aliyeushika: mikono yake ikilegea, ubao unarudi nyuma, haukatiki, na anayeumia ni mtoto. Watoto hao wamezoea mikono yako. Muulize mwalimu huyo kwa nini majuma machache zaidi yasiwezekane. Akiwa ni mtu anayekutaka kwa ajili ya unachoweza kukitoa kwa wanafunzi wake, ataelewa upesi kwa nini hutaki kuwaacha hawa njiani. Akikataa, mwombe akueleze sababu, kisha uipime.

Sijui utachagua lipi, na nadhani hata wewe hutajua kabla ya kuzungumza na hawa watu watatu. Naona ingefaa uanze na Mwalimu, kwa kuwa ndiye pekee kati yao ambaye amekuwa akisikia habari zako kutoka kwa wengine. Pesa za chama zikikufikia kabla hujapata majibu, usimkabidhi mtu yeyote. Mwambie Mama kwa nini umeziweka, na umweleze kwamba sufuria yake hujaisahau.